Kabla ya kuhamia kijijini ukistaafu, panga kwanza kliniki

Masika yanakaribia, na nyumba nyingi za Dar es Salaam na Pwani zimeingia kwenye kazi za kila mwaka: kuzibua mifereji, kuziba paa linalovuja, kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi, kutoa vitu stoo na kuvianika. Kwa familia yenye mzazi anayekaribia miaka 60, umri wa lazima wa kustaafu kwa watumishi wengi wa umma, kazi hizi huja na maswali mengine. Kabati hili linabaki au linakwenda kijijini? Bati za nyumba ya kule zimeshafika?

Sina ugomvi na wastaafu wanaorudi nyumbani. Kule kuna shamba, ndugu na maisha yenye gharama nafuu. Ugomvi wangu ni na mpangilio. Kiwanja, nyumba, kisima na ng'ombe hupangwa kwa miaka mingi. Afya hukumbukwa siku vidonge vinapokwisha.

Matokeo yake tunayaona hospitalini. Mtu amehudhuria kliniki ya shinikizo la damu kwa miaka mingi bila kukosa. Anastaafu, anaondoka na dawa za mwezi mmoja, bila barua ya rufaa. Kijijini anajisikia vizuri, anaamini hewa safi na mboga za shambani zimemponya, anaacha dawa. Shinikizo la damu mara nyingi haliumi wala halipigi hodi. Baada ya miezi kadhaa watoto wanamrudisha mjini akiwa amepooza upande mmoja, na kiinua mgongo kinaishia kwenye matibabu.

Kwa hiyo, wakati mnasafisha nyumba msimu huu, anzeni na droo ya dawa. Zilizopita muda zitengeni na mmuulize mfamasia namna ya kuziteketeza. Msizitupe jalalani wanakochezea watoto. Zinazotumika ziandikwe kwenye karatasi: jina la dawa, kipimo, mara ngapi kwa siku, na ugonjwa unaotibiwa. Karatasi hiyo ni muhimu kama hati ya kiwanja.

Ichukue uende nayo kwenye zahanati na kituo cha afya cha kule unakohamia, kabla hujapeleka hata godoro. Uliza: dawa hizi zinapatikana hapa? Sukari na presha vinapimwa siku gani? Zikikosekana, duka la dawa la karibu liko wapi? Kama unatumia insulini, jua kwamba chupa ambazo hazijafunguliwa zinahitaji kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Umeme ukikatika mara kwa mara, hilo lipatiwe jibu kabla ya kuhama.

Swali linalofuata ni la usiku. Mzee akizidiwa saa nane usiku, hospitali ya wilaya iko umbali gani, nani ana gari, na barabara inapitika mvua ikinyesha? Wengi huipima nyumba ya kustaafia kwa likizo ya Desemba, ndugu wamejaa na magari ya watoto yako uani. Hicho si kipimo. Kaeni huko mwezi mzima wakati wa mvua, ninyi wawili tu, ndipo mtajua mnahamia wapi.

Kuna pia malaria. Aliyeishi miaka mingi Arusha au Kilimanjaro, ambako maambukizi ni machache, kinga yake dhidi ya malaria huwa imepungua. Akirudi kwao Kigoma, Geita au Tabora asijidanganye kwamba alizaliwa huko, mbu wanamjua. Alale kwenye chandarua chenye dawa, na akipata homa apimwe siku hiyo hiyo.

Nyumba yenyewe ijengwe kwa ajili ya mtu wa miaka 75, hata kama leo una 58. Choo cha kukaa, kiwe ndani au kiunganishwe na nyumba. Vishikio ukutani bafuni. Sakafu isiyoteleza, ngazi chache mlangoni, taa ya njia ya chooni. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi ndipo anapopoteza uwezo wa kujitegemea. Kwa sababu hiyo hiyo, kazi ya kupanda juu ya paa mwaka huu wapewe vijana. Baadhi ya dawa za presha huleta kizunguzungu mtu anaponyanyuka ghafla, na ngazi si mahali pa kukigundua.

Bima nayo isisubiri. Kabla ya mshahara wa mwisho, nenda ofisi ya mfuko wako wa bima ya afya ukaulize nani ataendelea kuhudumiwa, wewe, mwenza wako au wategemezi, na kama kituo cha kule kinaupokea mfuko huo.

Kwenu watoto, msimsindikize baba na mama kwa lori la vyombo na kuku wawili mkadhani mmemaliza. Gawaneni kazi: mmoja afuatilie dawa, mwingine tarehe za kliniki, mwingine awe na namba ya jirani mwenye pikipiki. Mzungumzeni pia na mama. Mara nyingi kijiji kinachochaguliwa ni cha baba, na yeye ndiye atakayekuwa mgeni huko, mbali na majirani aliowazoea miaka yote. Upweke nao hudhoofisha afya.

Ukiwa na miaka 55 una muda wa kutosha kuyafanya haya taratibu. Ukiwa na 59, anza wiki hii, kwa kumwomba daktari wako barua ya rufaa na muhtasari wa matibabu yako. Nyumba isiyokwisha inaweza kusubiri awamu nyingine ya fedha. Dozi ya kesho haisubiri.