GOME SI NGUO

Mwarobaini wa nyanya yangu hapa Malindi umekauka. Haukukatwa kwa shoka. Watu waliubambua gome pande zote ili wakachemshe dawa.

Wengi hudhani gome ni nguo tu ya mti. La hasha! Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia upande wa ndani wa gome, na chini yake tu ndipo shina linaponenepea. Ukilibambua kuzunguka shina, mizizi hufa njaa.

Nyanya hakumnyima mtu. Leo hana hata kivuli. Mimi nasema: anayetaka mwarobaini achume majani. Mti tunaousifu ati hutibu maradhi arubaini, tumeuua kwa ugonjwa mmoja: pupa.