Doa la Mashua: Maarifa Kabla ya Nguvu

Mvua za masika zinyeshapo juu ya Milima ya Uluguru, mito ishukayo bondeni hubadilika rangi. Mto Ngerengere huingia katika bwawa la Mindu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya mlimani. Udongo huo hutua na kupunguza kina cha bwawa. Jambo hilo limekwisha kusemwa mara nyingi. Lisilosemwa ni kwamba udongo huohuo huweza kuacha alama ndogo yenye gharama: mstari wa rangi ya kutu ubavuni mwa mashua, pale maji yanapoishia.

Desturi ya wengi ni kuipandisha mashua ufukoni, kuchota mchanga au kushika waya wa kusugulia sufuria, na kusugua mpaka doa litoweke. Kwa macho kazi hiyo hupendeza. Kwa hakika ni hasara. Sehemu kubwa ya mchanga wa mtoni ni chembe za kwatzi, jiwe lililo gumu kuliko rangi yoyote ya mafuta. Kila msuguo huacha mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo huwa makao ya udongo wa msimu ujao. Hivyo doa hurudi upesi zaidi, tena likiwa limezama. Hatimaye rangi huisha, mbao hunywa maji, na kuvu huanza kuiozesha. Mwenye chombo humlaumu fundi, ilhali mharibifu ni mkono wake mwenyewe.

Yafaa basi ieleweke kwamba doa ni suala la kemia kabla ya kuwa kazi ya misuli. Doa jekundu au la manjano hutokana na oksaidi za chuma zilizomo katika udongo. Doa jeusi kandokando ya msumari hutokea pale chuma kinapokutana na tanini ya mbao. Utelezi wa kijani ni mwani. Mwani huo huondoka kwa sabuni ya kawaida, maji na kitambaa laini. Doa la chuma halisikii sabuni. Huhitaji asidi dhaifu iwezayo kuyeyusha chuma bila kuikwaruza rangi.

Asidi hiyo haina haja ya kuagizwa ng'ambo. Maji ya ndimu yana karibu gramu 5 za asidi ya sitriki katika kila mililita 100. Kitambaa kilicholoweshwa maji hayo hulazwa juu ya doa kwa robo saa hivi, kisha pakapanguswa na kusuuzwa kwa maji mengi. Hujaribiwa kwanza mahali padogo pasipoonekana. Doa sugu hurudiwa mara mbili au tatu.

Hata hivyo ndimu nayo si dawa ya kila chombo. Huko pwani, ambako maji ya Ngerengere hufika kwa kupitia Mto Ruvu, mabaharia wana desturi ya zamani ya kupaka vyombo vyao chokaa iliyochanganywa na shahamu. Asidi huila chokaa. Aliyepakaa ndimu hapo atakuwa ameondoa doa pamoja na kinga yenyewe. Ndiyo maana kujua kilichopakwa ni sharti sawa na kujua kilichochafua.

Wapo watakaosema kwamba njia hii ni ya polepole, na mvuvi hana muda. Hoja hiyo ina uzito, kwani siku bila kuvua ni siku bila kitoweo. Lakini kupaka rangi upya humweka mvuvi nchi kavu muda mrefu zaidi ya robo saa, tena kwa gharama. Wengine hukimbilia dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Dawa hiyo haiyeyushi kutu, na ikichanganyika na ndimu hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Zaidi ya hayo, bwawa la Mindu ndilo chanzo kikuu cha maji ya mji wa Morogoro. Dawa kali imwagwayo ufukoni humwagwa katika maji ya wananchi.

Mjini humo kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, na wapo mabwana samaki wanaokutana na wavuvi. Kijikaratasi kimoja kwa Kiswahili, chenye maelezo kama haya, kingeokoa rangi na mbao nyingi. Na juu mlimani, kila tuta linalozuia udongo shambani hupunguza pia kazi ya mwenye mashua bondeni. Sayansi isiyofika mpaka ufukoni, penye kitambaa na ndimu, bado haijamaliza safari yake.