Eti hela inakuja yenyewe!

Boom likikaribia tu, huku hosteli wimbo ni ule ule: nunua bodaboda, mpe dogo mmoja wa mtaani, wewe kaa lekcha, hela inakuja yenyewe. Mi nasema huo ni uongo, na unakula hela ya mkopo ambayo Bodi itatudai mpaka senti ya mwisho.

Hela haiji yenyewe jamani. Inaletwa na yule dogo anayeamka saa kumi na moja alfajiri. Tuseme hesabu ni 10,000 kwa siku. Mvua inyeshe, trafiki wamshike, tairi lipasuke, anadaiwa 10,000 ile ile. Pikipiki si yake, sasa oili ataibadilisha kwa uchungu gani? Anaikamua tu, nawe unashangaa injini imekufa mapema. Ndiyo maana wenye akili wanaandikiana mkataba: akimaliza kulipa kiasi walichokubaliana, chombo kinakuwa chake. Hapo utaona mtu anavyokifuta kwa kitambaa!

Na msiniletee McDonald's, maana kila semina ya ujasiriamali lazima itajwe. Wale ndugu wawili mwaka 1948 walifunga mgahawa wao kule San Bernardino, California, tena ulikuwa unalipa. Baadaye wakachora jiko zima kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, wafanyakazi wakapita humo wakijifanya wanakaanga na kufunga, mpaka ikajulikana nani asimame wapi. Ray Kroc alifungua mgahawa wake wa kwanza wa jina hilo 1955, kazi hiyo ikiwa imeshafanyika.

Sisi wa ualimu (chekeni tu) hili tunalijua. Mwalimu akiugua, mwenzake anachukua azimio la kazi na andalio la somo, watoto wanasoma. Aliyeweka kila kitu kichwani akiugua, darasa linakuwa soko la samaki. Maduka mengi ya steshenari yako hivyo hivyo: bei anaijua bosi, wadaiwa anawajua bosi, na bosi hayupo. Dada wa watu analipwa kiduchu, hesabu ikipungua anaitwa mwizi. Daftari hakuna, mwizi umemjuaje?

Wenzangu wa chumba wanataka tuchange tununue pikipiki. Sawa. Nataka kuona kwenye karatasi: sevisi analipa nani, dereva akiumwa hesabu inakuwaje, na lini chombo kinakuwa chake. Bila hiyo karatasi, mimi simo.