Jiwe Jeusi na Bingwa wa Ngumi

Huko Kisenge, magharibi ya Kolwezi, mna ardhini jiwe jeusi liitwalo manganezi. Mgeni akiliona atasema, “Jiwe hili halifai kitu.” Lakini mfua chuma hasemi hivyo. Likiyeyushwa pamoja na chuma, chuma hupata nguvu. Basi, thamani ya jiwe hujulikana kwa kazi yake, si kwa rangi yake. Na mtu je?

Mwaka 1897 alizaliwa mtoto katika mji wa Saint-Louis, Senegal. Jina lake lilikuwa Louis Mbarick Fall, lakini watu wengi walimjua kwa jina la Battling Siki. Katika vita vya 1914 hadi 1918 alikuwa askari wa Ufaransa, akapewa nishani za ushujaa. Vita vilipokwisha, akarudia mchezo wa ngumi.

Tarehe 24 Septemba 1922, mjini Paris, alipigana na bingwa wa dunia, Mfaransa Georges Carpentier. Katika raundi ya sita Carpentier alianguka, asiweze kuendelea. Lakini mwamuzi akasema Siki amemtega mguu, kwa hiyo ameshindwa. Watazamaji walikasirika, wakapiga kelele. Wengi wao walikuwa Wafaransa weupe, lakini walikuwa wameona kwa macho yao. Hukumu ikageuzwa, na Siki akawa mtu mweusi wa kwanza aliyezaliwa Afrika kupata ubingwa wa dunia wa ngumi.

Je, aliheshimiwa? Hata kidogo. Magazeti yalimfananisha na sokwe. Serikali ya Uingereza ilimkataza kupigana London. Ni kweli, Siki alikuwa na makosa yake: alikunywa pombe na kutapanya fedha. Lakini mzungu akilewa, alilaumiwa yeye peke yake. Siki akilewa, walilaumiwa watu weusi wote. Huo ndio udhalimu. Kosa la mtu ni lake mwenyewe, wala si la ngozi yake.

Siki alishindwa Dublin mwaka 1923, akauawa kwa risasi New York mwaka 1925. Mifupa yake ilirudishwa Senegal mwaka 1993.

Wale watazamaji wa Paris walimpenda Carpentier, ndugu yao; lakini siku ile waliipenda kweli zaidi. Mwenye kuhukumu, uwanjani au kazini, na afanye kama wao: apime kazi, asipime ngozi.