BARAZA LA BWANA SHAMBA: Baiskeli ya Magurudumu Madogo



Mwezi huu nimepata barua kutoka Kilangala, mkoani Lindi. Aliyeiandika ni mama mwenye shamba la muhogo na mikorosho michache. Anasema kwao ipo baiskeli moja, nayo ni ya bwana wake. Baiskeli hiyo ni ndefu na ina bomba la juu. Yeye ni mfupi, tena huvaa kanga. Kwa hiyo hata siku ambazo bwana haitumii, baiskeli huegemea ukuta na mama hubeba muhogo kichwani. Nyuma ya nyumba kuna baiskeli ya mtoto ya magurudumu madogo. Imeharibika, watoto wamekwisha kua. Anauliza: je, ile ndogo yaweza kumchukua mtu mzima?

Yaweza. Ila yako mambo ya kuangalia, na mengine ni ya hatari.

Labda utashangaa kuona bwana shamba anaandika habari za baiskeli badala ya mbolea. Mimi naona ni kazi ile ile. Muhogo ukishang'olewa haukai. Baada ya siku mbili au tatu huanza kuharibika ndani. Korosho iliyodondoka nayo ikilala kwenye unyevu hupoteza daraja. Mazao mengi hupotea kati ya shamba na nyumba, na njia hiyo mara nyingi hupitwa na kina mama kwa miguu. Ndoo ya maji ni kichwani. Kuni ni kichwani. Mtoto mgonjwa yuko mgongoni, safari ya zahanati. Baba ana baiskeli ya kwenda kusikiliza bei. Mtu mwenye mzigo mwingi kuliko wote nyumbani ndiye asiye na chombo.

Wapo watakaosema kwamba mwanamke hapandi baiskeli. Huko Japani kina mama hupanda kila siku, na mtoto amekaa nyuma na kikapu cha mboga kiko mbele. Baiskeli zao zikichakaa huuzwa nje, na nyingine hufika hapa kwetu kama mitumba. Lililomzuia mama wa Kilangala ni lile bomba la juu tu. Bomba likiwa chini, kanga haina shida.

Tena usidhani gurudumu dogo ni la kitoto. Mwaka 1962 Mwingereza mmoja, Alex Moulton, alianza kuuza baiskeli ya magurudumu madogo kwa watu wazima. Huyu alikuwa mtaalamu wa springi za mpira, ndiye aliyebuni zile za gari la Mini. Alitaka baiskeli moja ambayo mume na mke waweza kuipanda bila kubadilisha kitu zaidi ya kimo cha kiti. Aliweka bomba moja la chini, matairi membamba yaliyojazwa sana, na springi za mpira ili njia isimrushe mpandaji. Watu walicheka kwanza, kisha wakanunua. Karibu yetu zaidi, huko Goma, mashariki ya Kongo, vijana hutengeneza chukudu. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili madogo, nayo hubeba viazi na makaa kwa magunia. Gurudumu dogo lina spoku fupi, na spoku fupi haipindi upesi. Pia ni jepesi. Baiskeli kubwa ya kawaida ina kilo 20 na zaidi. Hii ndogo, ukiijenga kwa uangalifu, yaweza kupungua kilo kadhaa. Mtu anayeinyanyua kuvuka kijito ataona tofauti.

Sasa tuanze kazi.

Tafuta fremu ya inchi 20. Namba hiyo imeandikwa ubavuni mwa tairi. Usichukue ya inchi 16, hiyo ni ya mtoto mdogo kabisa. Usijaribu pia kutia magurudumu madogo kwenye fremu ya Phoenix. Fremu itashuka na pedeli zitagonga chini kila unapokata kona.

Futa fremu yote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kisha itazame juani. Tazama hasa pale mabomba yanapokutana, na chini ya shingo ya usukani. Ukiona mstari mwembamba wenye kutu, kwaruza rangi. Ikiwa mstari unaendelea ndani ya chuma, huo ni ufa. Uma wa mbele, ambao mafundi huuita foku, ukiwa na ufa utupe. Usiuchomee. Foku ikikatika mteremkoni mpandaji huanguka kwa uso, naye hapati nafasi hata ya kutanguliza mikono.

Fremu ikiwa nzima, tatizo la kwanza ni kiti. Mtu mzima anahitaji bomba refu la kiti. Nunua bomba lenye unene ule ule wa tundu la fremu. Likilegea, usilijaze kwa bati la kopo, litazunguka. Sehemu iliyo ndani ya fremu isipungue sentimeta 10, na ipite chini ya pale bomba la kiti linapoungana na bomba jingine. Ikiishia juu ya hapo fremu itapasuka. Kimo kizuri hupimwa hivi: kaa kitini, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Anayejifunza ashushe kiti kwanza mpaka nyayo zote mbili zikanyage ardhi. Usukani nao upandishwe, ama sivyo magoti yataugonga.

Watu wengi hutaka kuhamisha kranki za baiskeli kubwa. Mara nyingi haiwezekani. Kranki ya baiskeli nyingi za watoto ni chuma kimoja kilichopindwa, kinachopita katika tundu pana. Kranki za Phoenix ni mbili, zimeshikwa kwa pini, na tundu lake ni jembamba. Basi baki na ile iliyopo. Fungua, osha gololi, hesabu kama zimetimia, tia grisi mpya. Gololi iliyobabuka ibadilishwe pamoja na wenzake wote wa upande ule.

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Chukua kalamu.

Tairi la baiskeli kubwa likizunguka mara moja husogea kama mita 2 na sentimeta 20. Tairi la inchi 20 husogea kama mita 1 na sentimeta 57. Unaweza kupima mwenyewe: tia alama ya chokaa kwenye tairi, lisukume mzunguko mmoja, pima ardhini. Halafu hesabu meno. Tuseme baiskeli kubwa ina meno 48 mbele na 20 nyuma. Gawanya 48 kwa 20, utapata 2.4. Maana yake, kranki ikizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara 2 na sehemu. Zidisha kwa mita 2.20, utapata mita 5 na robo hivi. Huo ndio mwendo wa pedeli moja.

Baiskeli ya mtoto yaweza kuwa na meno 36 mbele na 16 nyuma. Fanya hesabu ile ile, utapata mita 3 na nusu. Ni nyepesi kukanyaga, lakini miguu itazunguka sana kwa safari fupi. Ndiyo sababu mtu mzima akiazima baiskeli ya mtoto hurudi akihema. Ukiweka gia ya mbele ya meno 44 na kuacha 16 nyuma, utapata mita 4 na sentimeta 30. Kwa njia zetu zenye vilima na mizigo, naona hapo panafaa. Anayekwenda kwenye lami tu aongeze meno kidogo. Anayepita mchanga mwingi na dumu za maji abaki na 36, wala asione haya.

Gia hii ni moja tu, haibadilishwi. Usitamani baiskeli yenye gia nyingi. Chumvi ya pwani na mchanga huziua upesi, na vipuri vyake kijijini ni vya kutafuta kwa tochi. Ukibadilisha gia ya mbele, mnyororo utahitaji pingili za kuongeza. Kaza gurudumu la nyuma mpaka mnyororo ucheze juu na chini sentimeta 1 hivi. Ukilegea zaidi utachomoka. Ukikazwa kama uzi wa ngoma utakula gololi. Tia mafuta ya mashine, kisha futa ya juu. Mafuta ya nazi yaacheni jikoni. Kwenye mnyororo huganda na kushika mchanga.

Habari ya mchanga nisiifiche. Gurudumu dogo huzama kuliko kubwa. Hili ndilo kosa lake. Dawa ni tairi pana, lile lililoandikwa 20 x 2.125, lisilojazwa mpaka likawa jiwe. Libonyeze kwa kidole gumba, libonyee kidogo. Ukifika lami, ongeza upepo. Mahali penye mchanga mzito, shuka usukume. Hata kusukuma dumu ni nafuu kuliko kulibeba.

Nimeliacha jambo la breki mpaka hapa ili tulitazame polepole.

Breki za vyuma virefu za baiskeli kubwa hazikai kwenye gurudumu hili. Tumia breki za waya zinazobana ringi pande mbili. Ziwe mbili, mbele na nyuma. Baiskeli nyingine za watoto zina breki ya kurudisha pedeli nyuma. Ni nzuri, lakini inategemea mnyororo. Mnyororo ukikatika mteremkoni, breki imekwenda. Kwa hiyo weka ya mbele vilevile. Raba za breki ziguse ringi tu, zisiguse tairi. Waya ulioanza kufumuka ubadilishwe siku hiyo hiyo. Nimewaona vijana wakipanda bila breki, wakisimamisha kwa kandambili kwenye tairi la nyuma. Kijana mtupu huenda akaponea hapo. Mama mwenye kilo 40 nyuma hasimami kwa kandambili.

Keria ndiyo kazi ya fundi wa kuchomelea. Ifungwe kwenye ekseli ya nyuma, si kwenye bomba la kiti peke yake, maana bomba lile tumekwisha lirefusha. Kama ni lazima kuchomea kitu kwenye fremu, mwambie fundi atumie gesi na shaba. Bomba la baiskeli ni jembamba. Umeme na vijiti vinene huliunguza, na utaletewa fremu yenye matobo yaliyofunikwa rangi.

Kwa sababu gurudumu ni dogo, keria hukaa chini karibu sentimeta 20 kuliko kwenye baiskeli kubwa. Hii ndiyo faida ninayoipenda kuliko zote. Mzigo ukiwa chini baiskeli haiyumbi, na mtu mfupi aweza kupakia bila kuomba msaada. Weka dumu moja kila upande, zining'inie sawasawa, zisiguse visigino. Dumu mbili za lita 20 ni kilo 40. Mimi naishia hapo. Gunia zima la korosho lisipande juu ya baiskeli hii hata kama fundi amekuapia. Usiweke pia mzigo nyuma sana ya ekseli, kwani gurudumu la mbele litainuka kwenye kilima.

Bei za vipuri hubadilika, basi ulizeni mafundi wawili kabla ya kununua. Kitu kisichofaa kuokolewa kwa bei yoyote ni tairi lililopasuka ubavuni. Vilevile msikae mkingoje fedha za korosho zote. Fremu, gololi na kiti vyaweza kutengenezwa mwezi huu, matairi na breki mwezi mwingine. Na kina baba, nina ombi. Baiskeli hii ikishapakwa rangi na kupendeza, isihamie kwenu.

Siku ya kwanza ijaribiwe mahali tambarare, bila mzigo na bila mtoto mgongoni. Siku ya pili ishuke mteremko mfupi, breki zikibanwa zote mbili pamoja. Halafu dumu mbili zenye maji nusu. Zikikaa vizuri, zijazwe. Zungusha magurudumu na ushike kijiti karibu na ringi: likigusa upande mmoja, spoku za upande wa pili zikazwe robo mzunguko. Gonga spoku moja moja kwa kucha. Iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko wenzake.

Baada ya wiki moja nati zote zitakuwa zimelegea kidogo. Azimeni spana, mzikaze tena, mkianza na zile za gurudumu la mbele.