TAARIFA YA TAWI: FUNGU LA WASIMAMIZI WA SACCOS



Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka SACCOS ziwe na leseni, na BoT ilikasimu usimamizi wake kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vizuri. Ila leseni haipekui daftari la mikopo. Anayepekua ni afisa, naye anahitaji nauli na siku za kutosha. Akichelewa mwaka, mkopo hewa umeshakula akiba zetu: ada za watoto, mabati, mtaji wa genge.

Tunataka fungu la Tume na la COASCO liongezwe, na Hazina ilitoe kwa wakati. Mkaguzi asiishi kwa ada ya anayemkagua.

Mbunge akija kabla ya Bunge la Bajeti, tumuulize hili kwanza, barabara baadaye.

Katibu wa Tawi