Wataalamu Wawili na Jembe la Mkulima

Mwaka 1979 zawadi ya Nobel ya elimu ya uchumi waligawana mabwana wawili, Arthur Lewis na Theodore Schultz. Wote walichunguza umaskini wa mkulima, lakini hawakupatana.

Lewis alizaliwa mwaka 1915 kisiwani St. Lucia. Alitamani uinjinia, ila aliona hakuna atakayempa mtu mweusi kazi hiyo, basi akaenda London kusoma biashara. Mwaka 1954 aliandika kwamba katika nchi maskini mashamba yamejaa watu kupita kiasi: wengine wakienda viwandani, mavuno hayapungui sana. Nkrumah alimwita Ghana awe mshauri wake. Wakakosana juu ya matumizi ya fedha, naye akaondoka mwaka 1958.

Schultz, wa mwaka 1902, alikuwa mtoto wa mkulima wa South Dakota, Marekani. Sekondari hakuiona, alishika kazi ya shamba kwanza. Alipokuwa mwalimu Chicago alitazama India, ambako mafua ya 1918 na 1919 yaliua mamilioni. Kama mikono ile ilikuwa ya ziada, eneo lililolimwa lisingepungua. Lilipungua! Mwenye kujua siku za palizi hatashangaa. Mkulima maskini si mjinga, aliandika mwaka 1964. Hutumia vizuri kila alicho nacho, ila hana mbegu bora wala elimu.

Amartya Sen naye aliikosoa hesabu hiyo ya India. Mwaka 1998 akapata zawadi ile ile.